Kebo Iliyopita Chini ya Nyumba ya Mama Ilunga

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha uniache nieleze. Mimi si mtu wa pombe wala wa ndoto. Kazi yangu ni kompyuta, na kazi hiyo humzoesha mtu kuamini kile tu alichokipima. Haya nitakayokuambia niliyaona kwa macho yangu, saa kumi alasiri, hapa Kolwezi, nikiwa nimekula na nimelala vizuri. Haya basi, sikuwa nimelala vizuri. Lakini nilikuwa macho.

Lazima nianze na wivu, maana bila wivu kisa hiki kisingekuwapo. Nilimwonea wivu Ilunga. Nasema jina lake bila kuficha kwa sababu yeye ndiye hakunificha chochote isipokuwa jambo moja, na hilo utalisikia. Alikuja ofisini kwetu na viatu vya kuazima, hajui hata kuwasha mashine, mimi nikamfundisha. Miezi haikuwa mingi akanipita. Niliyoyatafuta wiki nzima, yeye aliyapata akiwa anakula karanga. Watu wa mtaa wakija na shida zao walichungulia mlangoni, wakiniona mimi wanasema, "Ilunga eko wapi?" Mimi niliyeketi hapo mbele yao nilikuwa kama kiti. Na bado aliniita mwalimu! Unajua inavyouma kuitwa mwalimu na mtu anayekuzidi? Laiti angenidharau, ningelala.

Wakati ule mtaa wetu ulikuwa unahamishwa. Chini ya nyumba zetu kulikuwa na kobalti, na watu walikuwa wameichimba wenyewe, wengine sebuleni, wengine chini ya kitanda. Sasa wakubwa walikuwa wameamua tuondoke sote. Kila familia ilitakiwa kuandikishwa, kupigwa picha mbele ya nyumba yake na kupewa karatasi yenye muhuri. Mwenye karatasi angepata kiwanja upande mwingine wa mji. Asiyekuwa nayo angeondoka na godoro lake tu kichwani. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, na tingatinga zilikuwa zimeshaegeshwa mwisho wa barabara, zinatutazama.

Ofisi yetu ndiyo iliyokuwa inaandikisha. Tulikuwa na kompyuta mbili tu, za mitumba, zilizokuja zimejaa virusi mpaka nikazisafisha na kuziwekea Linux. Moja ilikuwa mezani kwangu pamoja na printa. Ya pili, ile iliyotunza picha na majalada yote, iliwekwa ng'ambo ya barabara katika nyumba ya Mama Ilunga, mama yake huyo kijana, kwa sababu upande ule umeme haukukatika sana. Kati ya mashine hizo mbili palikuwa na kebo moja tu ya mtandao, bila kitu kingine katikati. Picha zilitoka kwake, zikafika kwangu, nikachapisha karatasi.

Mwanzoni tuliipitisha kebo juu ya barabara. Asubuhi ya pili tukakuta imekatwa. Tukaweka nyingine, nayo ikaenda. Wewe unajua kwetu: waya wenye shaba haulali nje. Ndipo Ilunga akasema tuipitishe chini. Sebuleni kwa mama yake kulikuwa na shimo la wachimbaji lililopita chini ya barabara na kutokea uani kwetu. Akashuka nayo, akaifunga kwenye magogo yanayoshikilia udongo, akatokea upande wetu amejaa vumbi, anacheka. Chefu, mkuu wetu wa ofisi, akampiga begani mbele ya watu wote. "Huyu mutoto eko na akili," akasema. Mimi nilikuwa nimefanya kazi na chefu yule miaka miwili, bega langu hakuwahi kuligusa.

Basi nikafanya nilichofanya. Nitakueleza polepole, si jambo gumu.

Kadi mbili za mtandao zikikutana, kwanza huulizana: tutazungumza kwa zamu, au kila mmoja aseme huku anasikiliza? Zikikubaliana, mambo huenda mbio. Lakini ukiilazimisha moja iseme bila kungoja, na ukaikataza kuulizana, ile nyingine hukosa jibu, na kwa adabu yake huamua kungoja zamu. Hapo moja inabwabwaja, nyingine inangoja inyamaze, na kila maneno yanapogongana yanaanza upya. Ujumbe mdogo hupita vizuri. Ukituma kitu kikubwa kama picha, utakwenda sokoni kununua mikate na kurudi, hakijafika. Ndivyo nilivyofanya mimi. Jumatatu, ofisi ikiwa tupu, niliandika mstari mmoja kwenye mashine yangu, nikauweka mahali ambapo ungejirudia kila ikiwashwa. Nilitaka siku moja tu ya watu kumnung'unikia Ilunga. Siku moja, niamini.

Jumanne foleni ilifika barabarani. Watu walikuja na watoto mgongoni wakangoja karatasi zisizotoka. Chefu akaniuliza kuna nini, nami nikajibu bila hata kumeza mate.

"Chef, mashine yangu iko sawa. Njo ile kable ya Ilunga ya mu shimo inatuletea matatizo."

Jumatano asubuhi chefu akamwita mbele ya foleni yote.

"Ilunga, shuka uangalie kable yako. Bantu banateseka."

Ilunga alikuwa ametoka kwa mama yake wakati huo huo, alikokuwa anashughulika na ile mashine ya pili. Akanitazama. Nilidhani ananitazama kwa sababu anaogopa. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha, na kila mtu wa mtaa anajua kwamba siku ya namna hiyo mtu hashuki.

"Bon, chef," akasema. "Nashuka."

Akavaa taa yake ya kichwani, yenye mkanda aliomshonea mama yake, akaingia sebuleni kwa mama yake. Sisi tuliokuwa barabarani tuliisikia ardhi kwa miguu kabla ya masikio. Barabara ilizama kidogo katikati, kiasi cha sinia.

Walichimba mchana wote. Palipoanza kubomoka tena, wachimbaji wenyewe wakakataa kuendelea. Wakasema wanaogopa kuwazika wengine kwa kumtafuta mmoja. Hawakumtoa. Yuko kule mpaka leo.

Unataka kujua mimi nilifanya nini? Wanawake walipoanza kulia, nilirudi ofisini mbio, nikafunga mlango, nikafuta ule mstari wangu. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya siku aliyokufa Ilunga. Nikafuta kila alama. Kisha nikatoka kulia pamoja na wengine, na nililia kweli, usidhani ni uongo.

Alhamisi chefu akasema kazi iendelee, kwa kuwa tingatinga hazina kilio. Nikakaa mezani nikijua kwamba mtandao utakwenda, maana nilishaondoa ubaya wangu. Nikaita picha ya kwanza. Ikaja polepole vile vile.

Nilijaribu kila kitu. Nilituma ujumbe mdogo, ukarudi mara moja, kwa hiyo kebo haikuwa imekatika kule chini. Nikaita picha, ikatambaa. Nilikata vichwa vya kebo nikavifunga upya. Niliazima kompyuta ya mtu nikaichomeka mahali pa yangu, mambo yakawa yale yale. Niliondoa virusi ambavyo havikuwapo. Watu kwenye foleni walianza kusema wanachokifikiri: kebo ile inapita alipolala Ilunga, amelala ameishika.

Ungesema, si uende kwenye ile mashine ya pili uitazame? Au uhamishe picha kwa flashi? Mama Ilunga alikuwa ameifunika mashine ya mwanawe kwa kitenge cha njano, na turubai la kilio lilikuwa limetandazwa mlangoni.

"Kitu ya mutoto yangu, muntu asiiguse mbele ya kilio kwisha," alisema. "Iko inawaka, iwake."

Kwetu nani atabishana na mama aliyefiwa kuhusu vitu vya marehemu? Hata chefu aliinamisha kichwa. Basi njia ilikuwa moja tu, kuvuta kila kitu kupitia kebo, tone kwa tone. Na katika vile vilivyokwama ng'ambo kulikuwa na jalada la mama huyo huyo. Naye hii haikuwa mara yake ya kwanza kufukuzwa. Walikuwa wametolewa Angola, wakavuka mpaka pale Dilolo kwa miguu, yeye na Ilunga mdogo, bila hata hati moja. Alikuwa akiniambia kila siku, "Mara hii, tata, sitatoka bila karatasi." Sasa mwanawe yuko chini ya nyumba, nyumba yenyewe itavunjwa Jumamosi, na karatasi haitoki. Nilijua ni mimi. Sikujua tu ni mimi kivipi, maana nilishafuta.

Ijumaa alasiri mvua ilishuka tena, nzito, na foleni ikatawanyika. Chefu alikuwa amekwenda kuomba siku ya ziada, wakamnyima. Nilikuwa peke yangu. Mlango ukafunguka, akaingia mchimbaji. Hilo halikunishtua, wachimbaji walikuja kila siku kuchaji taa zao kwetu. Huyu alikuwa na vumbi tangu nywele hadi vidole, uso hauonekani, taa ya kichwani imezimika.

"Tata, samahani. Naomba kutia torche yangu mu courant."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Nikamwonyesha ukuta bila kumtazama vizuri. Akaichomeka, akakaa kwenye kiti cha wageni nyuma yangu.

"Rezo inakusumbua?"

Nikakasirika kuulizwa habari za mtandao. Hata wewe, nikajisemea, hata mchimbaji! "Unajua nini mu rezo, wewe?"

"Kidogo. Nilifundishwa. Ujumbe kidogo unapita mbio, kintu kikubwa njo kinakwama?"

"Ee."

"Basi haiko kable. Hizi mashine mbili hazisikilizane. Ya kwako inangoja zamu, ile ingine haingoje."

Unajua nilichohisi? Si woga. Wivu! Nilikuwa nimeteseka siku mbili, na huyu mtu wa matope amekaa dakika moja. Nikageuza shingo kumwambia neno, na hapo ndipo nilipoona. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani vizuri, maji yanapita uani kama mto, na vumbi mwilini mwake lilikuwa kavu. Lilikuwa linadondoka kidogo kidogo kwenye kiti. Macho yangu yakaenda kwenye taa ukutani. Mkanda wake ulikuwa umeshonwa kwa kipande cha kitenge cha njano.

Sikugeuka tena. Niliweka macho kwenye kioo cha mashine.

"Iulize ile ya ng'ambo," akasema.

"Mama alikataza kuigusa."

"Usiiguse na mukono. Ingia na rezo."

"Sina mot de passe yake."

"Andika jina ya mwalimu wake."

Vidole vyangu viliandika jina langu pale panapotakiwa nywila. Mashine ikafunguka.

Nadhani unajua kwamba ndani ya Linux mtu anaweza kuacha maneno yake kwenye faili la mipangilio, akitanguliza alama ya reli, na mashine haiyasomi. Ni kwa ajili ya binadamu atakayefungua baadaye. Nililifungua faili la mtandao. Kadi yake ilikuwa imelazimishwa iseme bila kungoja, sawasawa na nilivyoilazimisha yangu. Juu ya mstari huo palikuwa na tarehe ya Jumatano, asubuhi, dakika chache kabla hajaitwa mbele ya foleni, na chini yake maneno haya:

# Nimefuata vile mwalimu aliweka ku yake. Musimuulize.

Alikuwa ameshaliona kosa langu. Hakulifuta, hakusema, alichofanya ni kuifananisha mashine yake na yangu ili zielewane, na mtandao ulikuwa umepona kabla hajashuka. Hakuna aliyeujaribu, kwa sababu ardhi ilizama. Kisha mimi, kwa hofu yangu, nikaufuta mstari wangu, ya kwangu ikarudi kungoja zamu, na zikaacha tena kusikilizana. Ubaya wa mara ya pili niliufanya kwa kuuficha wa kwanza.

Nikauliza bila kugeuka.

"Kama ulijua haiko kable, juu ya nini ulishuka?"

Mvua ilikuwa imepungua, nikasikia vumbi likidondoka.

"Chef alinituma mbele ya bantu. Nikikatala, angeuliza ni nini basi. Ningekutaja."

Nililia pale mezani kama mtoto aliyechapwa. Yeye akangoja nimalize.

"Rudisha zote mbili ziulizane," akasema. "Na ya mama itoke ya kwanza."

Nikaandika amri kwenye yake, nikaandika kwenye yangu. Picha zikaanza kushuka haraka kuliko nilivyowahi kuziona, uso baada ya uso, mtaa wetu wote. Nikalitafuta jalada la Mama Ilunga, nikalipeleka kwenye printa. Picha ilipotoka, mama huyo amesimama mbele ya mlango wake, mkono mmoja kiunoni, na pembeni kinaonekana kivuli cha aliyempiga picha. Ni Ilunga aliyempiga. Nikageuka nimwonyeshe.

Kiti kilikuwa kitupu. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye kiti, na sakafuni kati ya kiti na mlango hapakuwa na hata alama ya mguu. Taa ilikuwa bado ukutani, inachaji.

Nilichapisha mpaka wino ukaanza kufifia. Jumamosi asubuhi kila familia iliyokuwa kwenye foleni ilikuwa na karatasi yake. Chefu alifika, akaona, akanipiga begani mbele ya watu wote. "Huyu njo fundi," akasema. Bega lile lile! Nilikuwa nimelisubiri miaka miwili, na nilitamani litengane na mwili wangu.

Niliivuka barabara, nikapita pembeni ya mahali palipozama, nikaingia chini ya turubai na karatasi mkono huu na taa mkono huu. Mama Ilunga hakuitazama karatasi, aliitazama taa.

"Hiyo umeitosha wapi? Alishuka nayo."

"Aliitia mu courant, Mama. Jana. Alikuya ku bureau."

Hakupiga kelele. Wanawake waliokaa naye ndio walioshika midomo. Yeye aliipokea taa, akapitisha kidole kwenye mshono wake mwenyewe.

"Alikuwa na njaa?"

"Hakusema."

"Alilowa?"

"Hapana, Mama. Alikuwa mukavu."

Akashusha pumzi, na nikaona kwamba hilo ndilo alilotaka kulijua tangu Jumatano. Basi nikapiga magoti nikamweleza yote, mstari niliouandika, uongo niliomwambia chefu, mstari nilioufuta. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilingoja anilaani. Nilitaka anilaani.

"Mi nilikuwa nakuonea wivu, wewe," akasema. "Kila siku akirudi: mwalimu amesema hivi, mwalimu amefanya vile. Mi mama yake, nikamuliza, na mi unanisemaka wapi? Akacheka." Akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani. "Sasa amuka. Utanibebea ile mashine. Mi sitaweza."

Nikaibeba na kitenge chake, kwa miguu, mpaka kiwanja kipya, yeye akitangulia na godoro. Saa sita tingatinga ziliwashwa. Hakugeuka nyuma. Alikuwa ameacha mtu kule chini na alikuwa na karatasi, na nadhani aliogopa kwamba akigeuka ataichana.

Anaishi huko mpaka sasa. Mimi namtengenezea bati, namchotea maji. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijawahi kumuuliza.

Sasa sikiliza la mwisho, kisha uende zako. Tangu siku ile nimeweka Linux kwenye mashine nyingi, Kolwezi, Likasi, hata kule Kapanga ambako barabara inakula magari. Mashine mpya, hazijawahi kufika kwetu. Kila ninapofungua faili la mtandao mara ya kwanza, kabla sijaandika herufi yoyote, chini kabisa nakuta neno moja lenye alama ya reli mbele yake: Musimuulize. Nimelifuta, linarudi. Nimebadilisha diski, linarudi. Wateja huniuliza nani asiulizwe, nami huwaambia ni mambo ya mafundi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama ofisini kwenu kuna mtu anayekuzidi, na ukasikia lile joto kifuani akisifiwa, toka nje, tembea, rudi nyumbani, lala. Usiguse kitu. Na mambo yakiharibika, anza kuitazama mashine yako kabla hujamwonyesha mtu kidole. Mimi ningelaaniwa, ningejua pa kwenda, wapo wanaoondoa laana. Lakini kuna mtu chini ya ardhi anayenitetea mpaka leo, na sijui nimwombe vipi aache.